Kaye la mfukoni kwa mwandishi wa hadithi: lipi linabeba kazi za watu, lipi linaachia njiani

Kwa mwandishi wa hadithi anayeishi Lubumbashi, daftari bora, au kaye kama tunavyoliita huku, ni lile la sentimita 9 kwa 14, kurasa 96, jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya shule katikati ya mji, kwenye meza za soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na kwa wauzaji wa barabarani karibu na majengo ya chuo kikuu. Bei yake hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo uliza kwa franga na kwa dola kabla hamjakubaliana. Hapa limepimwa kando ya kaye la shule la sentimita 17 kwa 22, kaye la waya, na simu. Kila kimoja kina faida yake, lakini kwa kazi ya kukusanya maisha ya watu na kuyafikisha mezani yakiwa mazima, hilo dogo la uzi linashinda kwa mbali.

Watu huamini kwamba mwandishi aliyepitia mengi ana mengi ya kuandika, na mifano ipo. Ousmane Sembène alikuwa mwashi, akawa askari, kisha kuli wa bandari ya Marseille. Riwaya yake ya kwanza, ya 1956, ni ya kuli wa bandari. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941 aliyewahi kuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, aliishi utawani kwa Wabenediktini akiwa kijana; riwaya yake ya 1973 ina padri anayekwenda kuungana na waasi. Adam Shafi wa Zanzibar alitiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, na kifungo kile baadaye kikawa riwaya. Lakini bandari ya Marseille ilikuwa na makuli maelfu, na jela hazijawahi kukosa watu. Kupitia jambo peke yake hakutoshi. Jambo linafaa hadithi likibaki na viungo vyake: hatua zake kwa mpangilio, majina ya vyombo, vipimo, na mahali linapoharibikia. Kumbukumbu hutunza uchungu na furaha kwa miaka mingi, ila hivi vidogo huvidondosha ndani ya wiki moja. Ndiyo maana chombo cha kuviwekea kinastahili kupimwa kama seremala anavyopima msumeno kabla ya kuununua.

Mwaka 1890 watu wawili waliifanya kazi hii kwa njia mbili. Joseph Conrad, wakati huo baharia, alifika Matadi mwezi Juni, akatembea kwa miguu hadi Kinshasa, halafu akapanda mto Kongo kwa meli ya mvuke. Alibeba madaftari mawili madogo meusi na penseli. La kwanza lina umbali wa kila siku, kambi, mbu, na maiti iliyolala kando ya njia. La pili ni la nahodha mtupu: visiwa, mafungu ya mchanga, mahali pa kuchukulia kuni za meli. Hadithi iliyotokana na safari hiyo ilitoka 1899, na mto uliomo ndani yake ni mto wa kweli, wenye vina na vizuizi. Wakongo waliomo humo karibu hawasemi kitu, na madaftari yanaonyesha sababu: yameandika mto, hayakuandika maneno ya wapagazi. Kinachokosekana kwenye kaye hukosekana kwenye kitabu. Mwaka huohuo Anton Chekhov, daktari aliyekwisha kujulikana kwa hadithi zake, alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin akawahesabu wafungwa na walowezi nyumba kwa nyumba, akitumia kadi karibu 10,000 zilizochapwa maswali. Kadi humfaa anayeuliza watu wengi maswali yaleyale. Anayetaka kumfuata mtu mmoja tangu asubuhi hadi anapofunga kazi, kaye linamfaa zaidi.

Sasa tuingie kwenye bidhaa yenyewe.

Jambo la kwanza kukagua ni mshono. Fungua kaye katikati kabisa. Ukiona uzi unapita kwenye mkunjo, nunua. Ukiona pini mbili za chuma, jua kwamba msimu wa mvua, tangu Novemba hadi Machi, pini zitapata kutu na karatasi itakatika pale pini inapogusa. Kaye la pini lina kasoro nyingine: kila karatasi ni kipande kimoja kilichokunjwa, kwa hiyo ukichana ukurasa wa 10 kumpa mtu namba ya simu, mwenzake wa upande wa pili hubaki bila kushikwa na kitu, na siku moja utamkosa. Lile la gundi tupu huonekana zuri dukani. Ikifika Oktoba, mwezi wa joto kali hapa kwetu, gundi hukauka na kupasuka, na kurasa hutoka kimafungu. Kaye la waya ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii. Ukilikalia ndani ya teksi waya hujipinda, matundu hupasuka, tena linamzoesha mwandishi kuchana kurasa anazoziona hazina maana. Ukurasa usio na maana leo ndio utakaotafutwa baada ya miaka mitatu.

Halafu karatasi. Makaye mengi ya bei nafuu yana karatasi ya gramu 60, na wino wa biki huonekana kwa nyuma. Ya gramu 70 au 80 ni bora, lakini hiyo ya 60 haikatazi kazi ukiandika upande wa kulia tu. Na kwa kweli upande wa kulia tu ndio utaratibu mzuri, hata kwa karatasi nene: kulia unaandika ukiwa mahali pa tukio, kushoto unaacha wazi kwa ajili ya jioni. Kurasa 96 ni karatasi 48, yaani kurasa 48 za kulia. Ukijaza 2 kwa siku, kaye linakwisha kwa siku 24. Nunua matatu kwa pamoja.

Mistari nayo ina maana yake. Makaye mengi ya hapa yana mistari ya shule ya Kifaransa, ile ya Seyès: mstari mzito kila milimita 8, na kati yake mistari myembamba kila milimita 2. Ni mizuri kwa mtoto anayejifunza maandishi ya kuunganisha, ila kwenye ukurasa wa sentimita 14 hubaki nafasi ya mistari kama 15 tu. Miraba ya milimita 5 hukupa karibu 25, na inakuwezesha kuchora mpango wa mahali: mlango uko wapi, mbabula, yaani jiko la makaa, iko wapi, nani amempa nani mgongo. Mchoro huo utakuokoa baadaye, mhusika wako asije akatoka kwa mlango ambao kurasa tatu nyuma ulikuwa ukuta.

Kwa kalamu, biki ya kawaida ya ncha ya milimita 1 inatosha. Wino wake ni wa mafuta, hauyeyuki tone la mvua likiangukia ukurasa. Wino wa jeli mara nyingi hukimbia. Biki husumbuliwa na vumbi la unga na la makala, yaani makaa ya kuni, ambayo huziba ncha. Ifute kwa kitambaa na kuizungusha kwenye kiganja kabla ya kuilaumu. Haiandiki ukiishika ncha ikitazama juu, hivyo anayeandika amelala chali chini ya gari pamoja na fundi abebe penseli ya HB. Penseli huandika kwa pembe yoyote, lakini kurasa zikisuguana mfukoni hufifia, kwa hiyo yaliyoandikwa kwa penseli yanakiliwe siku ileile.

Kaye la shule la sentimita 17 kwa 22 halina ubaya wa karatasi wala wa mshono, kama ni la uzi. Ubaya wake ni kwamba linaonekana. Sokoni, mtu aliyesimama na kaye kubwa na biki ni mtoza ushuru wa meza. Mama muuzaji akimwona hubadili sauti, hubadili bei, na ule ugomvi wake na jirani aliokuwa katikati yake huukata. Mwandishi anaondoka na ukurasa uliojaa maneno ya mtu anayejilinda. Simu nayo huwafanya watu wadhani wanapigwa picha. Inafaa kwa jambo moja, sauti: jinsi mnada unavyoitwa, jinsi kondakta anavyotaja vituo. Lakini dakika 10 za sauti huomba kama saa nzima ya kuziandika kwa mtu asiye na mazoezi, na umeme ukikatwa siku mbili, maisha uliyoyakusanya yamefungwa ndani ya kioo cheusi.

Kwenye migodi, vizuizi vya barabarani, mpakani na karibu na askari, kaye libaki mfukoni, la ukubwa wowote. Mtu anayeandika mahali pale anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi, na hakuna sentensi inayolipa gharama hiyo. Ondoka, kaa mbali, andika ndani ya saa moja.

Namna ya kulijaza ni hii. Namba za kurasa ziandikwe siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine. Kurasa 4 za mwisho ziwe fahirisi. Kila unapoanza, weka tarehe, mahali na saa, kisha tia herufi pembeni: H kwa hatua za kazi, V kwa vyombo, P kwa vipimo na bei, K kwa kosa, M kwa maneno kama yalivyotamkwa. Herufi mbili za mwisho ndizo wanaoanza huzisahau, na ndizo zenye hadithi. Mwaka 1965, wazee wa mji huu waliowahi kuwa watumishi wa nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji kwa Kiswahili chao wenyewe, iliyokusanywa na André Yav. Hiyo ni historia, lakini mwandishi wa hadithi akiisoma ataona jinsi watu wa kazi moja wanavyokuwa na njia yao ya kuita mambo. Usiyasanifishe maneno yao ukiwa bado kwenye kaye. Mtu akisema "feza", andika feza. Kusanifisha, kama kutahitajika, ni kazi ya mezani.

Tuchukue makala, kwa sababu kila nyumba ya Lubumbashi inayajua kwa upande wa mbabula na wachache wanayajua kwa upande wa porini. Hatua: magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, moto hutiwa, na matundu machache huachwa ya kuvuta hewa. Moshi hutoka mweupe na mzito mwanzoni, kwa sababu maji ya mti yanatoka; ukigeuka mwembamba wa kibuluu, mti umekuwa makala na matundu yazibwe. Kosa: udongo ukipasuka usiku na hewa ikaingia, mchomaji anaamka kukuta majivu. Mwandishi aliyeandika hayo anajua kwa nini mchomaji makala halali vizuri, na hana haja ya kumwambia msomaji kwamba mtu huyu ana wasiwasi. Anamwamsha tu saa nane ya usiku aende kupapasa udongo kwa kiganja.

Upande wa mjini, ukurasa wa kulia unaweza kusema hivi: "V: kopo la kupimia, tako limebonyezwa ndani, kama unene wa vidole viwili. M: 'Mama, hapa chini pameingia.'" Jioni, upande wa kushoto: "Mteja wa kila siku anajua, hasemi. Kwa nini?" Mwandishi asiye na subira ataandika: "Mama yule alikuwa mdanganyifu aliyewapunja wateja wake." Sentensi hiyo haikuhitaji kaye wala soko. Mwenye kaye anaweza kuandika: "Kabla ya kutoa feza, Odile alitia mkono ndani ya kopo akagusa tako lake, akautoa mweusi hadi kwenye kifundo. Mama akatazama pembeni. Kisha akaongeza makala mawili makubwa bila kuombwa." Udanganyifu upo, aibu ipo, na urafiki wa siku nyingi upo pia, vyote ndani ya kopo moja.

Hapa ndipo wingi wa kazi ulizozipitia au kuziangalia kwa karibu unapoanza kulipa. Mwandishi anayejua kazi moja tu huwapa wahusika wake wote macho ya kazi hiyo: mwalimu huandika dereva anayefikiri kama mwalimu, na bibi kizee anayefikiri kama mwalimu. Lakini kila kazi humfundisha mtu kupima dunia kwa kitu chake. Dereva wa lori wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hatakwambia kwamba njia ni kilomita 90. Atakwambia foleni ilianzia wapi na alichemsha chai mara ngapi chini ya gari. Mshonaji humtazama mgeni mabegani kabla ya usoni, na anajua kikwembe, yaani kitenge, cha yadi 6 kitatosha au la pale mtu anapoingia mlangoni; akiona ua kubwa kwenye kitambaa anawaza litakaa kifuani katikati au litakatwa na mshono, na kwamba kitambaa cha pamba kisipolowekwa kabla ya kukatwa, gauni litarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza likiwa limepanda. Mchukue mshonaji huyu umpeleke hospitali kumtazama mume wake aliyekonda. Ataona nini? Ataona shati linavyokaa mabegani. Mwandishi aliyekaa mchana mzima kwenye kiti cha wateja kando ya cherehani anajua hivyo. Asiyekaa hapo ataandika tu kwamba moyo wa mshonaji uliumia.

Kazi mbili zikikutana katika kaye moja, moja huisahihisha nyingine. Aliyezoea baiskeli za makala, zenye mizigo mirefu kumpita mtu anayezisukuma, akitaka kuandika lori la shaba atalijaza hadi juu. Atakosea. Mabamba ya shaba safi, ya karibu mita 1 kila upande, hufungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, na tani 30 zake hazifiki hata mita za ujazo 4. Lori lililobeba mali hiyo yote, kwa mbali, linaonekana karibu tupu. Kwa mwandishi, picha hiyo ina thamani kubwa: gunia linalomlemea baba kwenye mlima ni jepesi na kubwa, utajiri unaompita ni mdogo na mzito, na vyote vinatumia barabara moja. Huwezi kuubuni ulinganisho huo ukiwa umekaa chumbani. Unatoka kwenye herufi P, vipimo, kurasa mbili tofauti.

Kuna namna kadhaa za kuharibu mavuno haya. Ya kawaida kuliko zote ni kumwaga kaye lote kwenye hadithi, tanuru, moshi, bei, mpaka mhusika anapotea ndani ya somo la uchomaji makala. Kipimo kinachosaidia ni kuuliza kila jambo: linabadilisha uamuzi gani wa mhusika? Kopo lililobonyezwa linabadilisha. Aina ya kamba ya gunia, mara nyingi, haibadilishi. Kati ya mambo 20 ya kaye, 2 au 3 yakifika kwenye hadithi ya kurasa 10, kazi imekwenda vizuri, na yale yaliyobaki bado yanafanya kazi yao, maana ndiyo yanayomzuia mwandishi asiseme uongo. Namna nyingine ni kumchukua mtu mzima mzima, na jina lake na kovu lake. Mji ni mdogo, na mama wa makala ana binti anayesoma. Tangu kwenye kaye usiandike majina ya kweli. Weka alama, na ukifika mezani badilisha angalau vitu viwili vinavyomtambulisha.

Kaye la mfukoni halikamilishi kazi peke yake. Linahitaji rejista ya nyumbani, ile kubwa ya jalada gumu inayotumika ofisini, ambamo unakili ndani ya siku mbili, kabla vifupisho vyako mwenyewe havijakushinda kusoma. Usinakili kwa tarehe. Nakili kwa kazi: makala kurasa zake, ushonaji kurasa zake, barabara kurasa zake, na uache nafasi ya kuongeza. Kwenye jalada la ndani la kaye dogo andika namba ya simu pekee, ili likiokotwa lirudi bila kumtaja mtu.

Na kwa kuwa tuko Katanga, nchi ya vichuguu virefu kuliko nyumba, rejista isikae kamwe sakafuni wala kugusa ukuta. Mchwa huingia kwa chini na kula katikati ya kurasa wakiacha jalada zima, na mwenye rejista haoni kitu mpaka siku anapoifungua. Sanduku la bati, juu ya matofali manne, likiwa wazi pande zote; mara moja kila mwezi toa kila kitu, kung'uta, na angalia tako la sanduku kama kuna njia ya udongo inayopanda.